Kitanda cha swingi kwenye hospitali ndogo za Marekani: mwongozo kwa manesi, wasaidizi na familia zetu

Huku vijijini Marekani hospitali nyingi ni ndogo sana, vitanda ishirini na kitu basi, na humo humo kwenye wodi ya kawaida utakuta babu yuko wiki ya tatu, hana homa wala hana dharura yoyote, asubuhi anafanyishwa mazoezi ya kutembea, mchana anakula mezani kavaa nguo zake za nyumbani. Usidhani wamemsahau. Yuko kwenye mpango unaoitwa swing bed, sisi tunaofanya kazi humo tunaita tu swingi, yaani hospitali ndogo imeruhusiwa kutumia kitanda kile kile leo kwa mgonjwa mahututi kiasi, kesho kwa mtu anayehitaji uangalizi wa muda kama wa nasing homu, yaani nyumba ya kutunzia wazee na wagonjwa.

Majaribio yalianzia Utah miaka ya 70, sheria ikapita 1980. Sababu yake ni rahisi: mji mdogo hauna nasing homu ya kutosha, na hospitali ina vitanda vitupu, sasa kwanini bibi aliyevunjika nyonga apelekwe masaa mawili mbali na wanae?

Naandika hii kwa watu wa aina mbili. Wenzangu manesi na CNA (wasaidizi wa manesi), na tuko wengi sana Wakenya, Watanzania, Wakongomani kwenye hizi hospitali za Iowa, Kansas, Maine, Texas huko, na pia ndugu ambao mzazi wao amelazwa na wanaambiwa tu "tunamhamishia swingi" alafu wanasaini karatasi bila kujua wamesaini nini. Jambo kubwa la kushika ni hili: kitanda hakisogei, chumba hakibadiliki, lakini siku hiyo mgonjwa anakua mkazi, na mkazi ana haki ambazo mgonjwa wa kawaida wa wodini hana. Nyingi zinapotea kwasababu tu hamna aliyemwambia.

Hatua ya 1. Hakikisha hospitali yenyewe ina kibali

Sio kila hospitali ndogo inaruhusiwa. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni hospitali ya kawaida iliyoko kijijini yenye vitanda chini ya 100 (vya watoto wachanga na vya ICU havihesabiwi). Hii lazima iwe na mkataba na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee), isiwe imepewa msamaha wa kutokua na nesi masaa 24, na isiwe imenyang'anywa kibali cha swingi ndani ya miaka 2 kabla ya kuomba. Ya pili ni zile zinazoitwa Critical Access Hospital, zilizoanzishwa na sheria ya 1997, nazo mwisho ni vitanda 25, ziwe mbali na hospitali nyingine zaidi ya maili 35, au maili 15 kama ni milimani au kuna barabara ndogo ndogo tu. Zipo pia ambazo hazifikishi huo umbali ila jimbo lilizitambua kama za lazima kabla ya 2006, hizo zinaendelea. Nchi nzima ziko zaidi ya 1,300.

Kibali cha swingi kinaombwa, hakiji chenyewe. Mkitaka kujua haraka kama hospitali yenu inacho angalieni namba ya Medicare ya hospitali: upande wa swingi namba inakua na herufi katikati, U kwa hospitali ya kawaida, Z kwa Critical Access. Mtu wa bili anaijua kichwani, muulizeni.

Na kuna aina mpya ya hospitali imeanza Januari 2023, inaitwa Rural Emergency Hospital. Hizo zimeacha kabisa kulaza, kwa hiyo swingi hamna. Kama hospitali ya mji wenu imebadilika kua hiyo, kile kitanda alicholala mama mwaka juzi hakipo tena, msipoteze muda kukiomba, tafuteni mji wa jirani.

Hatua ya 2. Hesabu siku 3 kabla hujamuahidi mtu chochote

Hapa ndo familia nyingi zinaumia. Ili Medicare ya kawaida ilipie swingi mgonjwa lazima awe amelazwa hospitali siku 3 mfululizo, siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka haihesabiwi, alafu aingie swingi ndani ya siku 30 baada ya kutoka. Sio lazima iwe hospitali hiyo hiyo. Mtu anaweza akafanyiwa upasuaji wa nyonga Omaha au Des Moines alafu akarudishwa hospitali ndogo ya karibu na kwake kumalizia, na ukweli hiyo ndo njia inayotumika zaidi.

Shida ni neno kulazwa. Mgonjwa anaweza akalala kitandani usiku tatu, kavaa gauni la hospitali, anapigwa sindano, anapewa chakula, na kwenye makaratasi hajalazwa, yuko obzavesheni, yaani anaangaliwa tu kwanza. Siku za obzavesheni hazihesabiwi hata moja. Wala masaa ya emejensi hayahesabiwi. Mtu akikaa obzavesheni zaidi ya masaa 24 hospitali inatakiwa impe taarifa ya maandishi inayosema wazi kua yeye hajalazwa, na aipate kabla masaa 36 hayajapita. Ukipewa hiyo karatasi usiiweke tu kwenye pochi. Muulize daktari siku hiyo hiyo: mama yangu amelazwa au yuko obzavesheni? Na kama ni obzavesheni, ni kwanini? Kuuliza mapema kunasaidia kwasababu mkishatoka kurekebisha ni kazi kubwa mno.

Wakati wa korona hilo sharti la siku 3 liliondolewa, watu wakazoea, ila lilirudi Mei 2023. Bado nasikia watu wanaambiana "siku hizi hawaangalii". Wanaangalia.

Kama mzee ana ile Medicare ya kampuni binafsi, yaani Advantage, nyingi hazidai siku 3 lakini zinadai kibali kabla ya kumhamisha, na kibali kinaweza kukataliwa. Hakikisha kibali kimeshatoka kabla hajaingizwa.

Hatua ya 3. Jiulize anahitaji huduma ya ujuzi kila siku au anahitaji tu mtu wa kumsaidia

Medicare hailipii kuogeshwa, kulishwa na kuvalishwa peke yake. Inalipia kazi inayohitaji nesi au mtu wa fizio: dripu za antibayotiki, kidonda kikubwa cha kusafishwa na kufungwa, kulishwa kwa mrija, mazoezi baada ya kiharusi au nyonga. Ya nesi iwe kila siku, ya fizio siku 5 kwa wiki inatosha kuitwa kila siku. Daktari anaandika kuthibitisha mgonjwa anapoingia, anathibitisha tena si zaidi ya siku ya 14, alafu angalau kila siku 30. Sahihi ikikosekana malipo yanarudishwa hata kama kazi imefanyika vizuri.

Kuna uongo mmoja umezoeleka kwenye wodi nyingi na unanikera sana: "Mzee haonyeshi maendeleo, kwa hiyo Medicare inakata." Hapana. Kesi ya Jimmo, iliyoishtaki serikali kwa kukata Medicare kwa sababu hiyo ya maendeleo, ilimalizwa mahakamani Januari 2013 na makubaliano yako wazi kabisa, kinachoangaliwa ni kama anahitaji mikono yenye ujuzi, hata kama lengo ni kumzuia asizidi kudhoofika. Mwenye Parkinson hatarudi kua kijana, na bado anaweza kustahili. Ukiambiwa hilo la maendeleo taja Jimmo, kwa heshima tu, utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Hatua ya 4. Siku ya kubadili: mtoe, mpokee upya

Hii ni ya wafanyakazi. Ile kwamba haondoki kitandani isikudanganye. Kunatakiwa kuwe na oda ya kumtoa kwenye kulazwa, muhtasari wa kutoka, alafu oda mpya za kumpokea swingi. Faili linaweza kua lile lile ila sehemu ya swingi itenganishwe wazi, mkaguzi akifungua aone mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine. Dawa ziandikwe upya, usiendelee tu na za jana. Bili nayo inabadilika, inaenda kwa aina nyingine kabisa, ndo maana mtu wa bili anakua mkali tarehe zikipishana.

Kwa Critical Access kuna sheria kua wastani wa mwaka wa kulaza wagonjwa wa kawaida usizidi masaa 96. Siku za swingi haziingii kwenye hesabu hiyo, wala swingi yenyewe haina ukomo wa siku kisheria. Lakini kitanda bado kinahesabiwa ndani ya vile 25. Mkijaza swingi 20 msimu wa mafua mtakosa pa kumlaza anayeletwa na ambulansi, hayo ni ya kupanga mapema.

Hatua ya 5. Haki zake, kwa lugha anayoielewa

Naomba hapa msome taratibu. Hospitali ya swingi haifuati sheria zote za nasing homu, inafuata sehemu tu, ila sehemu yenyewe ndo ile inayomgusa mtu. Ana haki ya kuchagua daktari wake, kukataa matibabu, kutuma barua zake na kupokea zake bila kufunguliwa na mtu mwingine, kutembelewa na ndugu zake wa karibu muda wowote anaotaka yeye, kukaa na vitu vyake kadri chumba kinavyoruhusu, na mke na mume wakiwa wote wamelazwa hapo na wanataka, walale chumba kimoja. Haruhusiwi kufungwa kamba wala kupewa dawa ya kumtuliza kwa ajili ya urahisi wa wafanyakazi au kwa adhabu. Anatakiwa aambiwe mapema vitu gani vinalipiwa na vipi atalipa mwenyewe.

Na ya kwanza kabisa kwetu sisi: ana haki ya kuelezwa hali yake yote ya afya kwa lugha anayoielewa. Imeandikwa hivyo kwenye kanuni. Mkongomani anayesema Kiswahili cha Bukavu akipewa kurasa nane za haki kwa Kiingereza na kuonyeshwa pa kusaini, hiyo haki hajapewa, amesainishwa tu.

Nimeona hii kwa macho. Mama mmoja mtu mzima, kavunjika nyonga, kaletwa swingi, na anayemtafsiria ni mjukuu wa miaka kumi na kitu aliyetolewa shule siku hiyo. Nesi anaeleza kwa Kiingereza kua kuna hatari ya damu kuganda mguuni, mtoto anamwambia bibi "wanasema usilale sana". Ndo tafsiri iliyofika. Dawa ya kuzuia damu kuganda bibi alikua anaificha chini ya mto kwasababu ilimtoa michubuko mikononi na hamna aliyemwambia ni ya nini. Tulipopiga simu ya mkalimani, ile ya spika inayowekwa juu ya meza ya chakula, tukapata Mtanzania upande wa pili, mazungumzo yalichukua kama robo saa na bibi akauliza maswali sita mfululizo. Alikua nayo siku zote.

Kwa hiyo fanya hivi. Mkalimani ni bure, hospitali inayopokea pesa ya serikali inalazimika kumleta, kwa sheria ya haki za raia ya 1964 na kwa kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Mtoto mdogo hatumiki kutafsiri isipokua dharura wakati mkalimani anatafutwa. Ukiomba sema aina ya Kiswahili, sema ni wa Kongo au ni wa pwani, kwasababu maneno ya mwili na ya magonjwa yanatofautiana. Na kama mzee anaelewa zaidi Kinyamulenge au Kibembe, sema hivyo, usikubali Kiswahili kwa sababu tu ndo kilichopo kwenye orodha. Kwa nesi: andika kwenye faili namba ya mkalimani na saa mliyoongea, kila mara, manake usipoandika ni kama haikufanyika.

Hatua ya 6. Tathmini na mpango wa huduma

Hospitali za kawaida zenye swingi zinajaza tathmini ya MDS, yaani fomu ya Medicare ya kupima hali ya mkazi, kama nasing homu, kwasababu tangu Julai 2002 zinalipwa kwa viwango vya nasing homu. Critical Access hazilazimiki kutumia fomu hiyo wala ratiba yake, ila bado lazima zimtathmini mtu mzima mzima: anakula vipi, anameza vizuri, kumbukumbu, meno, hofu, anataka kurudi wapi. Kutoka hapo ndo mpango wa huduma unaandikwa, na mkazi na familia yake wanatakiwa washiriki kuuandika. Nendeni kwenye hicho kikao. Semeni kua mzee hanywi maziwa, kua anaswali mara tano na anahitaji maji, kua amezoea ugali na mboga na ile purée ya viazi ndo inayomfanya apungue kilo. Uzito kupungua ni jambo ambalo wakaguzi wanalifuatilia sana kwenye swingi.

Tangu Novemba 2019 baadhi ya masharti yamepunguzwa, kwa mfano hospitali hailazimiki tena kua na programu maalum ya shughuli inayosimamiwa na mtaalamu wa burudani. Huduma za ustawi wa jamii na fizio bado ni lazima. Kwa maoni yangu ile ya shughuli wangeiacha, mtu akikaa wiki nne anaangalia ukuta na luninga anashuka haraka, na wenye moyo bado wanafanya, hata kumtoa tu nje na kiti cha magurudumu kuna kitu kinarudi usoni.

Hatua ya 7. Ukiona mkazi ananyanyaswa, saa inaanza kuhesabu

CNA msome hii mara mbili. Tuhuma ya kupigwa, kutukanwa, kuguswa vibaya, kutelekezwa, kuibiwa, au jeraha lisilojulikana limetoka wapi, inaripotiwa mara moja. Kama ni unyanyasaji au kuna jeraha kubwa, ndani ya masaa 2. Mengine ndani ya masaa 24. Inaripotiwa kwa mkuu wa hospitali na kwa mamlaka ya jimbo, na matokeo ya uchunguzi yanapelekwa ndani ya siku 5 za kazi. Usisubiri shifti iishe, usisubiri meneja arudi Jumatatu. Watu wetu wengi wanaogopa kuripoti kwasababu ya kibarua au makaratasi ya uhamiaji, naelewa, lakini sheria inakataza kulipiza kisasi kwa aliyeripoti, na aliyenyamaza naye anaulizwa.

Hatua ya 8. Pesa

Ukishastahili, siku ya 1 mpaka 20 hulipi kitu. Siku ya 21 mpaka 100 unachangia kila siku, mwaka 2025 ilikua dola 209.50 kwa siku, kwa hiyo angalieni kama mzee ana bima ya nyongeza au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya kuziba hapo. Baada ya siku 100 Medicare imeisha. Na hizo 100 ni za pamoja, kama alishakaa nasing homu siku 40 kabla ya hapo amebakiwa na 60. Zinaanza upya akikaa siku 60 mfululizo bila kulazwa na bila huduma ya ujuzi. Medicaid kulipia swingi inategemea jimbo, uliza ofisa ustawi wa jamii wiki ya kwanza, usingoje siku ya 19.

Mjue pia kwanini faili linakaguliwa sana. Critical Access zinalipwa asilimia 101 ya gharama halisi, na mwaka 2015 wakaguzi wa wizara ya afya waliandika kua Medicare ingeokoa dola bilioni 4.1 kwa miaka 6 kama swingi za hizo hospitali zingelipwa kama nasing homu. Mimi naona hesabu hiyo haioni mtu wa kijijini asiyekua na nasing homu karibu, ila tangu hapo kila siku ya swingi inatakiwa ijieleze kwenye karatasi: leo amefanyiwa nini ambacho kilihitaji ujuzi?

Hatua ya 9. Kutoka

Hospitali haiwezi kumtoa mkazi kwasababu tu inataka kitanda. Sababu zinazokubalika zimetajwa: mahitaji yake hayawezi kutimizwa hapo, amepona kiasi kwamba hahitaji tena huduma hiyo, anahatarisha usalama au afya ya wengine, hajalipa baada ya kuonywa ipasavyo, au hospitali inafungwa. Taarifa iwe ya maandishi, kwa kawaida siku 30 kabla, inaweza kua pungufu kama amepona haraka, kuna hatari, au bado hajafikisha siku 30 hapo. Iseme sababu, tarehe, anapelekwa wapi, haki ya kukata rufaa, na jina na simu ya ombudsman wa jimbo anayetetea wakazi. Na tena iko kwenye kanuni, iandikwe kwa lugha na namna anayoielewa.

Tofauti na hiyo, kama ni malipo ya Medicare ndo yanakatwa, unapewa taarifa nyingine angalau siku 2 kabla. Hii ina saa yake kali: piga simu kwa shirika la ukaguzi lililotajwa kwenye karatasi kabla ya saa sita mchana ya siku moja kabla ya tarehe ya kukatwa. Sio lazima uandike barua nzuri, sema tu hukubali na sema kwanini, omba mkalimani kwenye simu hiyo hiyo. Wanachukua faili hospitali, wanajibu ndani ya masaa 72. Nesi, ukimpa mtu karatasi hiyo Ijumaa jioni, mwonyeshe namba ya simu kwa kidole na mpigie mduara saa ya mwisho.